Namba Zilizopinduka: Kusaka Kosa la Mpangilio wa Baiti kwenye Viendeshi vya Vifaa

Betri ya sola juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe wa Lamu inasoma volti 12.80 kwa mita ya mkono. Kompyuta ndogo inayoipima kupitia chipu ya INA226 inasema 0.05. Jua likipanda kidogo mita inaonyesha 12.81, kompyuta inasema 2.61. Betri inafika 12.90, kompyuta nayo inaruka hadi 25.65. Waya ni nzima na chipu haijaungua. Kiendeshi, yaani programu inayozungumza na kifaa, kimepokea baiti mbili zilizo sahihi, kikazisoma kinyume.

Hesabu yenyewe ni hii. Rejista ya volti ya INA226, kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu, huhesabu kwa hatua za 1.25 mV. Volti 12.80 ni hatua 10240, kwa heksa (namba za msingi wa 16) 0x2800. Pindua baiti zake upate 0x0028, yaani hatua 40, ambazo ni volti 0.05. Volti 12.81 ni 0x2808. Ikipinduliwa ni 0x0828, hatua 2088, volti 2.61. Hatua moja ya kweli inahesabiwa kama hatua 256, kwa hiyo badiliko la 1.25 mV linaonekana skrini kama 0.32 V. Ndiyo maana namba hurukaruka kana kwamba kuna unganisho lililolegea.

Na hapo ndipo fundi wa pwani anapopotea njia, kwa sababu huku kwetu mshukiwa wa kwanza siku zote ni chumvi. Upepo wa bahari hula pini za shaba, na plagi iliyoota kutu ya kijani kweli hutoa namba za ajabu. Lakini chumvi haina utaratibu: leo inaharibu biti hii, kesho ile. Mpangilio wa baiti ukikosewa hukosewa vilevile kila mara. Kabla ya kununua waya mpya, soma rejista isiyobadilika mara 100. INA226 ina utambulisho wa mtengenezaji kwenye rejista 0xFE, na thamani yake ni 0x5449. Ukipata 0x4954 mara zote 100, waya hauna hatia, fungua msimbo. Ukipata majibu yanayotofautiana, rudi kwenye plagi na bisibisi.

Kiini cha tatizo

Namba inayozidi baiti moja lazima ianzie upande fulani. Kuna vifaa vinavyotanguliza baiti yenye uzito mkubwa, na kuna vinavyotanguliza yenye uzito mdogo. Hapa tutaita mpangilio wa kwanza kubwa-kwanza (big-endian), na wa pili ndogo-kwanza (little-endian). Hakuna ulio bora.

Msemaji wa Kiswahili amelijua jambo la namna hii tangu utotoni, kwa sababu ya saa. Boti ya saa mbili asubuhi kutoka Mokowe, kwenye tiketi iliyochapishwa kwa kompyuta ni 8:00. Wakati ni uleule. Anayeona 8:00 akadhani ni saa nane atafika gatini boti imeondoka kitambo. Tena ukigeuza mara mbili, ukaongeza sita juu ya sita, mshale unarudi palepale ulipoanzia. Shika hilo la kugeuza mara mbili, maana ndilo linalozaa makosa magumu kuliko yote hapa chini.

Kwanza jua nani anasoma vipi

Pande ni tatu: prosesa, kifaa, na njia inayoviunganisha. Wengi huangalia mbili tu, wakaisahau njia.

Kompyuta za kawaida za x86 ni ndogo-kwanza, na bodi za ARM tunazozikuta mikononi, Raspberry Pi ikiwemo, huendeshwa hivyohivyo. Ruta ndizo zinazoshangaza watu. Ruta za nje zenye chipu za Atheros za familia ambayo OpenWrt, mfumo huria wa ruta, inaiita ath79 zina prosesa za MIPS kubwa-kwanza, ilhali zenye MediaTek MT7621 ni MIPS ndogo-kwanza. Usikisie kwa kuangalia kasha. Kama amri ya lscpu ipo, tazama mstari wa Byte Order. Kama haipo, andika:

printf '\001\002' | hexdump

Jibu likiwa 0201, mashine ni ndogo-kwanza. Likiwa 0102, ni kubwa-kwanza.

Kwa upande wa njia: PCI na deskripta za USB ni ndogo-kwanza. Vichwa vya pakiti za mtandao ni kubwa-kwanza. SMBus, sheria zilizojengwa juu ya I2C, njia ya waya mbili ya kuunganishia vihisi, hupeleka baiti ndogo kwanza kwenye neno la biti 16. I2C yenyewe haina msimamo, kila mtengenezaji wa kihisi huamua lake, na ndiyo maana karatasi ya chipu haina mbadala. Kwenye bodi moja unaweza kuwa na INA226 inayotanguliza baiti kubwa na DS18B20, kihisi cha joto cha njia ya 1-Wire, kinachotanguliza ndogo. Nyuzi joto 25.0625 kwenye DS18B20 ni 0x0191, na zinafika kama 91 kisha 01. Ukizisoma kinyume unapata nyuzi −1775.94, na hakuna kitu duniani kinachoweza kushuka chini ya −273.15.

Neno la kupimia

Namba kama 0x00000000, 0xFFFFFFFF au 0xA5A5A5A5 hazifai kupima mpangilio. Zikipinduliwa zinabaki zilevile, nawe utaandika ripoti kwamba kila kitu ni shwari. Tumia neno lenye herufi nne tofauti. LAMU inatosha: baiti zake ni 4C 41 4D 55, biti 32 kamili. Liandike kwenye bafa ya kifaa, lisome upya, na jibu litakuambia kosa liko wapi:

LAMU: hakuna kilichopinduka, au kimepinduka mara mbili.
UMAL: baiti nne zimepinduka kwa pamoja, kosa ni la biti 32.
ALUM: kila jozi imepinduka peke yake, kosa ni la biti 16, na mara nyingi njia yenyewe ina upana wa biti 16.
MULA: baiti ndani ya kila neno ziko sawa, ila maneno mawili yamebadilishana nafasi.

Jibu lisilo mojawapo ya hayo manne si tatizo la mpangilio. Angalia waya, kasi ya saa ya njia, au anwani uliyoandikia.

Dalili: kihisi cha I2C kinatoa namba zisizo na maana

Kwenye Linux chanzo huwa i2c_smbus_read_word_data(). Funksheni hiyo inafuata sheria ya SMBus, baiti ndogo kwanza, hata kama chipu inafanya kinyume. Amri ya i2cget -y 1 0x40 0xfe w nayo inafuata sheria ileile, kwa hiyo kuonyesha 0x4954 kwa INA226 ni jibu linalotarajiwa. Tiba ni i2c_smbus_read_word_swapped(), na kwa kuandika, i2c_smbus_write_word_swapped(). Ukitumia regmap, maktaba ya kerneli (kiini cha Linux) ya kusomea rejista, weka val_format_endian = REGMAP_ENDIAN_BIG kwenye usanidi, halafu usiguse tena mpangilio popote kwenye faili hilo.

Usisahau upande wa kuandika. Mtu anarekebisha kusoma, volti zinakuja sahihi, anafunga kazi. Siku ya kubadilisha usanidi kutoka 0x4127, ambayo ndiyo thamani ya kuanzia ya INA226, chipu inapokea namba iliyopinduka na kupima kwa hali ambayo hakuna aliyeichagua.

Dalili: kwenye kompyuta ya mkononi kinakwenda, kwenye ruta kinakufa

Hili ndilo kosa linalokula siku nyingi zaidi, na chanzo chake huwa nia njema. Mwandishi amesoma kwamba kifaa cha PCI ni ndogo-kwanza, akaandika:

val = le32_to_cpu(readl(base + REG_STATUS));

Kwenye x86 mstari huo hauna dhara, kwa kuwa le32_to_cpu() haifanyi chochote pale. Lakini readl(), funksheni ya kusoma rejista, tayari huchukulia kifaa kuwa ndogo-kwanza na hukugeuzia thamani iendane na prosesa. Kwenye mashine kubwa-kwanza thamani inageuzwa na readl(), kisha inageuzwa tena na le32_to_cpu(), na mshale unarudi ulikotoka. Futa le32_to_cpu(). Kama kifaa chenyewe ni kubwa-kwanza, tumia ioread32be() na iowrite32be().

Mtego wa pili uko kwenye rejista za ndani ya chipu ya ruta. Si kila kilicho nyuma ya anwani kimepitia PCI. Kwenye ath79 rejista za ndani hufuata mpangilio wa prosesa yenyewe, na msimbo wa kerneli huzisoma mara nyingi kwa __raw_readl(). Funksheni hiyo haigeuzi kitu, na pia haiweki vizuizi vya kulinda mpangilio wa amri kwenye kumbukumbu. Mtu anayebadilisha readl() kuwa __raw_readl() kwa sababu tu namba sasa inaonekana nzuri anaweza kuponya donda moja akafungua jingine: kifaa kinaamriwa kuanza kazi kabla data haijafika kwenye kumbukumbu, na hitilafu inajitokeza mara moja kwa siku. Ukilazimika kuitumia, weka vizuizi mwenyewe.

Dalili: rejista zinasomeka vizuri, data ya FIFO imevurugika

Hali ni sawa, hesabu ya baiti ni sawa, lakini maandishi yanatoka UMAL. Rejista ni namba. Mkondo wa data unaopita kwenye FIFO, foleni ya kifaa ambamo kinachotangulia kuingia hutangulia kutoka, ni safu ya baiti. Ukivuta mkondo kwa kuita readl() ndani ya kitanzi na kuhifadhi kila neno kwenye bafa, kwenye mashine kubwa-kwanza unageuza kitu ambacho hakikupaswa kugeuzwa. Tumia ioread32_rep() au readsl(), au memcpy_fromio() kama data iko kwenye eneo la anwani zinazofuatana badala ya rejista moja. Hizo zinahamisha baiti kama zilivyo.

Nyumba ya Lamu ina daka. Mgeni hupokewa pale, kwenye baraza, kabla hajaingia ndani. Kiendeshi nacho kiwe na daka lake: sehemu moja ambapo kila namba kutoka kwenye kifaa inageuzwa mara moja tu, na ndani ya nyumba kila kitu kinazungumza lugha ya prosesa. Msimbo wenye swab32() sita katika faili tano haurekebishiki. Ni afadhali ziondolewe zote, uanze upya mlangoni.

Dalili: kadi ya mtandao inapakia, lakini haitumi

Logi ya kerneli inasema NETDEV WATCHDOG na transmit queue 0 timed out. Kiungo kipo, taa inawaka, hakuna pakiti inayotoka. Angalia deskripta za DMA, yaani maelezo mafupi yanayokiambia kifaa pakiti iko wapi kwenye kumbukumbu na ina urefu gani.

Deskripta hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta lakini husomwa na kifaa moja kwa moja, bila readl() wala writel() katikati. Hapa hakuna anayekugeuzia. Chukua biti ya umiliki, mara nyingi biti ya 31: 0x80000000. Ikiandikwa bila cpu_to_le32() na prosesa kubwa-kwanza, kifaa kinaiona kama 0x00000080, biti ya 7. Kwa maoni yake deskripta bado si yake, basi kinasubiri milele.

Urefu nao huacha alama unazoweza kuzitambua kwa macho. Fremu ya baiti 60 katika uga wa biti 16 inageuka 15360. Ya baiti 1514 inageuka 59909. Ukiona namba hizo mbili kwenye logi, usihangaike kutafuta kwingine.

Cha kutisha zaidi ni uga wa anwani. Anwani ya DMA iliyopinduka inaelekeza kifaa mahali pengine kwenye kumbukumbu, nacho kitaandika huko bila kuuliza. Pasipo IOMMU, kitengo kinachochuja anwani ambazo kifaa kinaruhusiwa kufikia, hakuna wa kukizuia. Ukishuku anwani, zima mashine mara moja, toa diski yenye data ya watu, na upime kwa mfumo unaoendeshwa ndani ya RAM tu. Kompyuta ya zahanati au ya duka si mahali pa kujaribia jambo hili.

Tangaza uga wa deskripta kwa aina zake: __le32 addr, __le16 len, __le16 flags. Usitumie uga wa biti wa lugha ya C kuelezea rejista au deskripta. Mpangilio wa biti hizo hutegemea kompaila na prosesa. Tumia barakoa za biti (mask) pamoja na le32_get_bits() na FIELD_PREP().

Kwa anwani ya MAC kanuni ni fupi: hiyo ni safu ya baiti sita, si namba. Ukiitoa kwenye rejista za biti 32 na kunakili neno zima bila kuangalia, 00:11:22:33 inageuka 33:22:11:00. Baiti ya kwanza, 0x33, ni witiri, maana yake anwani ya kundi; is_valid_ether_addr() inaikataa, na viendeshi vingi hapo hujipa anwani ya kubahatisha. Kadi inayobadilisha MAC kila ikiwashwa huenda inaumwa ugonjwa huu.

Dalili: mashua iko Siberia

Vipokezi vya GPS vya u-blox hutoa ujumbe wa UBX, unaoanza kwa baiti B5 62 na ulio ndogo-kwanza. Katika ujumbe wa NAV-PVT, wenye mzigo wa baiti 92, longitudo iko kwenye nafasi ya 24 na latitudo ya 28, zote namba za biti 32 zenye alama, kwa hatua ya 0.0000001 ya digrii.

Chukua mashua iliyotia nanga karibu na mji wa Lamu: longitudo 40.9 ni 409000000, yaani 0x1860D840, na latitudo −2.27 ni 0xFEA5A020. Zisome kinyume. Longitudo inakuwa 0x40D86018, digrii 108.79 mashariki. Latitudo inakuwa 0x20A0A5FE, digrii 54.74 kaskazini. Hapo ni Siberia, jirani na Ziwa Baikal. Angalau kosa hilo linaonekana. La hatari ni kipokezi kinachopitia kiendeshi kinachogeuza longitudo na kuacha uga wa usahihi au wa kasi bila kugeuza: nahodha anaona yuko mahali sahihi, kumbe namba inayomwambia aiamini kwa kiasi gani ni ya uongo. Kagua kila uga wa ujumbe mmoja baada ya mwingine, si ule unaoonekana kwenye ramani tu.

Nafasi za 24 na 28 zinahesabiwa ndani ya mzigo, na mzigo ukianzia mahali pasipogawanyika kwa nne, kielekezi cha u32 kitaanguka au kusoma vibaya kwenye baadhi ya prosesa. Tumia get_unaligned_le32(). Inamaliza matatizo yote mawili kwa pamoja.

Dalili: Modbus inasema 230, tena inasema sifuri

Mita za umeme na vidhibiti vya sola vinavyotumia Modbus, itifaki ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, vinapeleka kila rejista ya biti 16 kubwa-kwanza, kama itifaki inavyotaka, lakini CRC (namba ya kuhakiki ujumbe) mwishoni hutanguliza baiti ndogo. Ombi la kusoma rejista kumi kutoka kifaa namba 1 ni 01 03 00 00 00 0A C5 CD. Kama C5 na CD zimebadilishana nafasi kwenye waya, kifaa hakitajibu kabisa.

Thamani za biti 32 hugawanywa kwenye rejista mbili, na itifaki haikusema ipi itangulie. Volti 230 kwa namba ya desimali inayoelea (float) ni 0x43660000. Maneno yakibadilishana inakuwa 0x00004366, namba ndogo mno ambayo skrini inaionyesha kama 0.00. Hilo ni kosa la MULA, na tiba yake ni kubadilisha maneno tu. Kama baiti nne zilizofika tunaziita ABCD, ukipindua na baiti utapata DCBA pale ulipotaka CDAB.

Zana inayokudanganya

hexdump bila kigezo cha -C huchapisha maneno ya biti 16 kwa mpangilio wa mashine unayoitumia. Ndiyo maana jaribio la printf pale juu linafanya kazi. Kwa kutazama data, ni balaa: kwenye x86 faili la baiti 4C 41 4D 55 linaonekana 414c 554d, na mtu anaanza kurekebisha kisichoharibika. Tumia hexdump -C au od -An -tx1. Ndani ya kerneli tumia %*ph, au print_hex_dump() yenye kundi la baiti 1, si 4.

Kukamata kosa kabla halijafika paani

Ukishatangaza aina za __le32 na __be16, mpe sparse, kikaguzi cha msimbo wa kerneli, kazi: make C=2 pamoja na njia ya saraka ya kiendeshi chako. Onyo la restricted __le32 degrades to integer linamaanisha umefanya hesabu juu ya thamani ambayo haijapita dakani. Usilizime kwa (__force). Mara nyingi huyo ndiye mwizi mwenyewe.

Kisha jaribu kwenye mashine kubwa-kwanza hata kama huna. Kiigaji cha QEMU, kwa amri ya qemu-system-mips -M malta, kinakupa moja ndani ya kompyuta ya mkononi, na kifaa cha USB kilichochomekwa kweli unaweza kukipitisha ndani kwa -device usb-host. Andika LAMU, soma LAMU, kwanza kwenye x86, halafu kwenye malta. Kwa kifaa cha USB hilo linatosha karibu kabisa. Kwa chipu iliyo ndani ya ruta halitoshi, kwa sababu daraja kati ya prosesa na rejista za ndani ni la bodi ile tu, na QEMU hailijui. Hapo chomeka waya wa serial kwenye bodi yenyewe, soma rejista moja ambayo karatasi ya chipu inataja thamani yake ya kuanzia, na uilinganishe baiti kwa baiti kabla kiendeshi hakijaandika chochote.